Somo la Usalama Kazini: Fyuzi Hulinda Waya, Erthi Hulinda Mtu



Somo letu safari hii ni juu ya kuvuta umeme kutoka kwenye boksi la stoo, la banda la pampu au la banda la jenereta, na kuupeleka kwenye kiyoyozi cha nyumba iliyo karibu. Huenda mwenzetu wa shambani akauliza: kiyoyozi kinatuhusu nini sisi, ambao nyumba zetu za laini hazina hata feni? Kinatuhusu kwa sababu wanaotumwa kukifunga ni sisi, wanaofagia chini yake ni sisi, na likitokea la kutokea, anayeandikiwa barua ni mmoja wetu.

Jambo lililotufanya tuandike somo hili tulilishughulikia wenyewe. Katika shamba moja la miwa hapa Uganda, ambalo hatulitaji, mwenzetu mmoja alikuwa mwangalizi wa pampu ya maji. Jumamosi moja nyapara alimwambia kwamba wageni wanakuja Jumatatu, na kiyoyozi cha nyumba ya wageni hakina umeme wa kutosha. Akaambiwa avute waya kutoka kwenye boksi la banda la pampu, mita kama 60. Mwenzetu si fundi wa umeme. Alipewa waya wa taa uliobaki stoo, wenye nyuzi mbili tu, akaupitisha juu ya nguzo za ua mpaka kwenye mashine. Mashine ikawaka, nyapara akafurahi.

Baada ya siku chache fyuzi ikaanza kukatika kila mara. Mtu mwingine akaondoa uzi wake mwembamba na kuweka nyuzi nene za shaba. Wiki ya pili mvua ilinyesha. Mama mmoja mfagiaji alikuwa akiondoa majani nyuma ya nyumba, akashika bati la kile chombo cha nje cha kiyoyozi. Umeme ulimtupa chini. Mungu alimnusuru, lakini mkono wake uliungua. Kabla mkono haujapona, mwangalizi wa pampu alipata barua ya kufukuzwa: amechezea umeme bila ruhusa. Nyapara alisema hakumtuma. Tulipokwenda kumtetea hatukuwa na karatasi hata moja mkononi. Tulimpatia haki zake za kuondoka tu, kazi hakuirudia.

Tangu siku hiyo tuliona yafaa kila tawi lielewe mambo mawili: jinsi kazi hii inavyotakiwa kufanywa, na jinsi ya kuikataa inapoletwa kwa njia isiyo halali. Hatuandiki ili kila mtu awe fundi kwa kusoma ukurasa mmoja. Twaandika ili mfanyakazi akiona waya wa hatari autambue, na akipewa amri ya hatari awe na la kujibu. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi. Hesabu zilizomo humu ni za kuzidisha na kugawanya tu.

1. NYAYA TATU

Umeme wa nyumbani hapa kwetu ni wa volti 240. Mashine kama kiyoyozi yahitaji nyaya tatu. Wa kwanza ni waya wa moto, ambao ndio huleta umeme. Wa pili ni nyutro, ambao huurudisha. Wa tatu ni waya wa ardhini, ambao mafundi huuita erthi. Huu wa tatu haufanyi kazi yoyote siku za kawaida. Kazi yake ni siku ya balaa.

Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu, nyutro ni mweusi na erthi ni kijani. Nyaya za siku hizi ni kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mistari ya manjano kwa erthi. Hata hivyo msiamini rangi peke yake, kwa kuwa aliyefunga kabla yenu huenda alitumia chochote alichokipata. Aminini kipimo.

Waya wa yule mwenzetu ulikuwa na nyuzi mbili. Maana yake ni kwamba erthi haikuwako tangu siku ya kwanza. Mashine iliwaka vizuri, kwa sababu mashine huwaka bila erthi. Ndiyo sababu kosa hili hudumu muda mrefu bila kuonekana.

2. JE, BOKSI LINA NAFASI?

Kabla ya kuongeza mzigo katika boksi la stoo, jumlisheni mizigo iliyomo. Kila mashine ina kibati kinachoonyesha wati zake. Gawanyeni wati kwa volti 240, mtapata ampea.

Tuchukue mfano. Pampu ni wati 2,200. Taa ni wati 200. Kiyoyozi kikubwa cha chumba, cha aina ya zamani, ni wati 2,400. Jumla ni wati 4,800. Gawanya kwa 240, utapata ampea 20. Kama kebo inayoleta umeme mpaka stoo imewekewa swichi ya ampea 20, basi tumekwisha fika ukingoni. Mlinzi akichomeka birika la wati 2,400 apate chai, mzigo unakuwa ampea 30. Hapo kebo itapata moto, au swichi itakatika na pampu isimame.

Kwa hiyo swali la kwanza si kama boksi lina tundu tupu la kufungia waya. Swali ni kebo iliyotoka kwenye meni swichi mpaka stoo iliwekwa ibebe mzigo gani. Kama haitoshi, hapana budi ibadilishwe kwanza, au kiyoyozi kipatiwe njia yake yenyewe kutoka kwenye boksi kubwa.

3. UNENE WA WAYA NA UREFU WA SAFARI

Maji yakipita katika mpira mwembamba mrefu hufika yakiwa yamelegea. Umeme nao ni hivyo hivyo. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1 na urefu wa mita 57 una ukinzani wa omu 1, yaani kipimo cha jinsi unavyouzuia umeme. Unene ukiongezeka, ukinzani hupungua. Urefu ukiongezeka, ukinzani huongezeka.

Safari ya yule mwenzetu ilikuwa mita 60. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo twahesabu mita 120. Gawanya 120 kwa 57, utapata 2.1. Waya wa taa aliotumia ulikuwa wa milimita mraba 1.5. Gawanya 2.1 kwa 1.5, utapata omu 1.4. Kiyoyozi cha wati 2,400 huvuta ampea 10. Zidisha 1.4 kwa 10: volti 14 zimepotea njiani, na mashine inapata 226. Mtu atasema hiyo si hasara kubwa.

Lakini kiyoyozi cha zamani, kompresa yake inapoanza kuzunguka, kwa dakika ndogo huvuta umeme mara nne, mara tano au hata mara sita ya kawaida. Tuseme ampea 50. Zidisha 1.4 kwa 50: volti 70 zimepotea. Mashine inapata volti 170 tu wakati ule ule inapohitaji nguvu nyingi. Kompresa hushindwa kuanza, hunguruma, huchemka, hujaribu tena. Ndiyo maana fyuzi ya mwenzetu ilikuwa ikikatika. Fyuzi haikuwa mbovu. Ilikuwa ikipiga kelele.

Sasa tufanye hesabu hiyo kwa waya wa milimita mraba 6. Gawanya 2.1 kwa 6, utapata omu 0.35. Siku za kawaida hasara ni volti 3.5. Wakati wa kuanza hasara ni volti 17.5, na mashine bado inapata kama 222. Waya mnene ni ghali, ni kweli. Lakini kompresa ni ghali zaidi, na mkono wa mtu hauna bei dukani.

Viyoyozi vya kisasa vinavyoitwa inveta huanza polepole, wala havivuti umeme kwa ghafula namna hiyo. Hata hivyo fundi lazima asome kibati na kupima urefu wa safari kabla ya kununua waya.

4. FYUZI HULINDA WAYA

Watu wengi hufikiri kwamba fyuzi au swichi ya kujikata imewekwa ili kulinda mashine. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya usiungue ukutani au darini. Kanuni yake ni hii: ampea za fyuzi ziwe zaidi ya zile ambazo mashine huvuta kwa kawaida, lakini zisizidi zile ambazo waya waweza kubeba. Waya ndio unaotawala.

Waya wa taa wa milimita mraba 1.5 hubeba takriban ampea 15 ukiwa ndani ya bomba. Ukiuwekea fyuzi ya ampea 30 kwa sababu ile ya 15 inakatika, umeuambia waya uwe ndio fyuzi. Utakatika wenyewe, kwa moto, mahali usipopajua. Mara nyingi huwa ni pale nyaya zilipounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe.

Msumari, karatasi ya pakiti ya sigara na nyuzi nene za shaba si fyuzi. Mfanyakazi akiona vitu hivyo ndani ya boksi, asiguse. Amwite mwakilishi wa usalama aje kuona.

Kwa kiyoyozi, fundi huchagua swichi ya kujikata ya aina ya C, ambayo huvumilia ule mvuto wa ghafula wa kuanza. Tena kiyoyozi kiwe na njia yake peke yake kutoka kwenye boksi. Kisichangie na taa wala soketi.

5. ERTHI HULINDA MTU

Hapa ndipo penye uhai wa mtu, tusome polepole.

Ndani ya mashine, waya wa moto waweza kuchubuka na kugusa bati. Kama erthi iko na imefungwa sawasawa mpaka kwenye boksi kubwa, umeme mwingi hukimbilia huko kwa mara moja, na swichi hukatika. Kama erthi haiko, bati hubaki na volti 240 likimngoja mtu. Mtu huyo akisimama kwenye udongo uliolowa, yeye ndiye anayekuwa waya wa ardhini. Ndivyo ilivyompata yule mama.

Wengine husema: basi tuchomeke chuma ardhini karibu na stoo, yatosha. Hebu tuhesabu. Tuseme chuma kile na udongo wake vina ukinzani wa omu 20. Gawanya volti 240 kwa 20, utapata ampea 12. Swichi ya ampea 20 haitakatika kwa ampea 12. Bati litaendelea kuwa na umeme, na kila mtu atadhani amelindwa kwa sababu chuma kinaonekana. Tena wakati wa kiangazi udongo hukauka, ukinzani hupanda, na ulinzi hupungua zaidi.

Kwa sababu hiyo pawekwe swichi ya pili inayokata umeme unapovuja. Swichi hii hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ikiona tofauti ya miliampea 30, yaani ampea 0.03, hukata kabla hujasema neno. Ina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyezwe kila mwezi. Kama haikatiki ukibonyeza, imekufa, ibadilishwe.

Kuna makosa mawili ambayo tumeyaona mara nyingi katika mabanda. La kwanza ni kufunga erthi na nyutro pamoja katika boksi la stoo. Muungano huo una mahali pake pamoja tu, penye chanzo cha umeme, nao hufanywa na wenye mamlaka ya umeme. Ukiufanya tena stoo, umeme unaorudi hupita katika erthi na katika mabati ya mashine. Ndani ya boksi la stoo, nyutro ziwe na ubao wao wa shaba na erthi ziwe na wao. Kosa la pili ni kufunga bati la mashine kwenye nyutro ili kuokoa waya wa tatu. Siku nyutro itakapokatika njiani, bati zima litakuwa moto.

6. NJIA YA KEBO

Kati ya stoo na nyumba pana udongo, na shambani udongo una jembe, panga na trekta. Waya wa nyumbani usizikwe mtupu, wala usitundikwe kwenye ua au mti. Itumike kebo yenye deraya ya chuma, izikwe kina kisichopungua nusu mita, na panapolimwa au panapopita trekta izikwe zaidi. Juu yake kabla ya kufukia uwekwe utepe wa manjano wa tahadhari au safu ya matofali. Mchoro wa njia hiyo ubaki ofisini, na nakala yake kwa mwakilishi wa wafanyakazi. Aliyezika hatakuwapo siku zote, lakini mwenye jembe atakuwapo.

Karibu na chombo cha nje pawe na swichi ya kukatia, isiyoingia mvua, ili anayekuja kufanya matengenezo aweze kukata umeme papo hapo.

7. KABLA YA KUFUNGUA BOKSI

Hata fundi hodari hufa kwa haraka. Utaratibu ni huu:

(a) Kata umeme kwenye boksi kubwa linaloleta umeme stoo. Swichi ya stoo peke yake haitoshi, kwa kuwa waya unaoingia katika swichi hiyo bado una moto.

(b) Funga swichi kwa kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwako. Tundika kibao: WATU WAKO KAZINI.

(c) Kama ni banda la jenereta, zima jenereta na uondoe waya wa betri yake. Jenereta nyingi huanza zenyewe umeme unapokatika. Wewe ukikata meni, yenyewe yaona umeme umekwenda, inawaka, na wewe umo mikononi mwake.

(d) Pima testa mahali penye umeme uone kama yafanya kazi. Pima nyaya unazotaka kushika. Kisha pima tena penye umeme. Testa iliyokufa huonyesha kwamba kila kitu ni salama.

(e) Ndani ya chombo cha nje cha kiyoyozi mna kapasita, kikopo kinachohifadhi umeme hata baada ya kuzimwa. Asiyejua jinsi ya kukimaliza nguvu asitie mkono.

8. NANI AFANYE KAZI HII?

Afanye fundi mwenye kibali. Katika Uganda, Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 ilianzisha mamlaka ya kusimamia umeme, nayo ndiyo hutoa vibali kwa mafundi wa kutandika nyaya. Mwangalizi wa pampu, dereva, mlinzi au kibarua hana kibali hicho, hata kama ana mkono mwepesi.

Basi ufanye nini msimamizi akikutuma? Usigombane naye wala usikimbie. Mwambie kwa heshima: "Mzee, kazi hii ni ya fundi wa umeme. Mimi sina kibali. Kama kampuni yataka niifanye, naomba nipewe amri kwa maandishi." Mara nyingi maneno yataishia hapo, kwa sababu hakuna anayependa kutia sahihi yake chini ya hatari. Akiendelea kukulazimisha, mwite mwakilishi wa chama, na uandike tarehe, saa, na majina ya waliokuwapo. Karatasi hiyo ndiyo iliyotukosa sisi siku ile.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 yamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi, na yampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, nao wasema mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, asiadhibiwe. Mwaka 2022 shirika hilo liliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama yapaswa kuziheshimu.

Na kama mtu amekwisha kuumia, asikubali kuambiwa kwamba kwa kuwa kosa ni lake hana chake. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, uzembe wa mfanyakazi peke yake haumwondolei fidia ya ajali iliyompata kazini. Ajali iarifiwe upesi, na cheti cha daktari kihifadhiwe.

Mwisho, tujitazame wenyewe. Umeme wa maporomoko ya Jinja ulianza kutoka mwaka 1954, lakini katika laini nyingi bado twauvuta nyumba kwa nyumba, kutoka boksi la jirani au la stoo, kwa waya mwembamba usio na erthi. Hatuna kiyoyozi, ila tuna pasi, jiko la umeme na watoto wanaocheza chini ya waya huo. Tuliyoyasema juu ya nyumba ya wageni ni yale yale katika nyumba yako.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Kiyoyozi cha wati 1,200 kitavuta ampea ngapi katika volti 240? Kwa waya wa milimita mraba 2.5 na safari ya mita 40, volti ngapi zitapotea?

2. Katika kazi yenu, ni boksi gani lenye fyuzi ya nyuzi nene? Ni nani aliyeambiwa, na lini?

3. Ni mashine gani za bati zinazoguswa na wafagiaji na wakata majani? Je, zina erthi, na kitufe cha T kilibonyezwa lini mara ya mwisho?

4. Mwenzenu akitumwa Jumamosi jioni kuvuta waya, atampata wapi mwakilishi wa chama? Andikeni jibu na kulibandika mlangoni mwa banda la pampu.